Kuunganisha programu za duka la mtandaoni: hesabu ya mfanyabiashara wa Korogwe na Handeni

DUKA la spea za pikipiki lililoko Manundu, mjini Korogwe, halihitaji tena kumsubiri mteja avuke kizingiti. Dereva wa bodaboda aliyeko Handeni, umbali wa kilometa zipatazo 65 kwa barabara ya lami, hutuma ujumbe kwa WhatsApp, hulipa kwa simu, na mzigo wake hupanda basi dogo la mchana.

Kwa mteja biashara hiyo ni nyepesi. Kwa mwenye duka, uzito wake uko nyuma ya kaunta.

Oda moja ya pistoni huandikwa mara nne. Kwanza husomwa kwenye simu na kunakiliwa katika daftari la oda. Kisha hutafutwa meseji ya malipo na kulinganishwa na jina la mteja. Halafu bidhaa hupunguzwa katika leja ya stoo, na mwisho huandikwa risiti pamoja na karatasi ya mzigo yenye jina na namba ya simu ya mpokeaji. Mara nne maana yake ni nafasi nne za kukosea, na makosa hayo kwa kawaida hugundulika jioni, wakati basi limekwisha kufika Handeni.

Tangu WhatsApp Business ilipoanzishwa mwaka 2018, wafanyabiashara wengi wadogo wameanza kupanga bidhaa zao kwenye simu pamoja na picha na bei. Wachache wamepiga hatua nyingine na kufungua tovuti za kuuzia. Lakini katika maduka mengi kila programu bado imekaa peke yake: ujumbe upo huku, malipo kule, hesabu ya stoo katika daftari lenye jalada gumu. Anayeziunganisha ni kijana wa dukani, kwa macho na kalamu.

Kazi hiyo sasa inaweza kufanywa na programu nyingine. Zapier, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2011, ndiyo inayojulikana zaidi. Ipo pia Make, ambayo hadi mwaka 2022 iliitwa Integromat, na n8n iliyoanzia Ujerumani mwaka 2019, ambayo mwenye utaalamu anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Zote hufuata utaratibu mmoja: likitokea jambo fulani katika programu ya kwanza, fanya jambo fulani katika programu ya pili. Oda ikiingia kwenye fomu, iandikwe kwenye jedwali. Jedwali likionyesha oda imelipwa, mteja atumiwe ujumbe.

Waliowahi kufanya kazi katika ofisi za serikali wataielewa haraka programu ya namna hii wakiifikiria kama tarishi. Huchukua faili kutoka meza moja na kulipeleka meza nyingine, hachoki wala haendi kunywa chai. Lakini tarishi hasomi kilichomo ndani ya faili. Akipewa faili lenye uongo atalifikisha kwa uaminifu uleule, na kwa kasi kubwa zaidi kuliko kijana wa dukani.

Somo la mwaka 2014

Faida ya kuunganisha mifumo si jambo geni nchini. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na baadaye mitandao mingine ikafuata na huduma zake, kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mfanyabiashara aliyetaka kupokea malipo ya wateja wote alilazimika kuwa na laini mbili au tatu, na wengine walibeba simu tatu mfukoni.

Mwaka 2014 kampuni za Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao ili fedha zitoke pochi ya mtandao mmoja kwenda mwingine moja kwa moja. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufikia hatua hiyo. Baadaye Benki Kuu ilijenga Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, maarufu kwa jina la TIPS, unaounganisha mabenki na kampuni za simu. Kati ya majina ya mwaka 2014, Zantel iliunganishwa na Tigo, nayo Tigo ilibadili jina kuwa Yas mwishoni mwa mwaka 2024. Muunganisho wenyewe umebaki.

Kuna jambo katika historia hiyo ambalo wauzaji wa programu hawalitaji sana. Kampuni hizo hazikuanza na mitambo. Zilikaa mezani kwanza na kukubaliana nani atawajibika muamala unapokwama katikati, na mwisho wa siku hesabu zitalinganishwa vipi. Duka la spea nalo lina swali hilohilo, ingawa kwa kiwango kidogo.

Hesabu ya muda

Tuchukue mfano wa duka linalopokea oda 20 kwa siku. Kila oda ikinakiliwa mara nne, kwa dakika tatu kila mara, ni dakika 12 kwa oda moja. Kwa siku ni dakika 240, yaani saa nne. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni saa 104.

Programu zikiunganishwa, kijana atabaki na kazi ya kukagua tu, tuseme dakika mbili kwa oda. Hizo ni dakika 40 kwa siku, au saa 17 na dakika 20 kwa mwezi. Muda uliookolewa ni saa 86 na dakika 40.

Hapo ndipo mahubiri ya wauzaji wa programu huishia, na mfanyabiashara hutoa pochi. Mwanafunzi wa kwanza wa biashara angeuliza: saa hizo zina thamani gani? Tukikadiria malipo ya kijana kuwa shilingi 1,000 kwa saa, muda huo una thamani ya shilingi 86,667. Ikiwa ada ya programu ya kuunganisha na mfumo wa malipo ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na bando la intaneti ni shilingi 30,000, gharama ni shilingi 90,000. Duka limepata hasara ya shilingi 3,333 kwa kununua wepesi.

Tena hesabu hiyo bado ni ya ukarimu. Muda uliookolewa haugeuki fedha kwa sababu tu umeokolewa. Kama kijana analipwa kwa mwezi, na saa zake tatu za kila siku sasa anazitumia kutazama mpira kwenye simu, mshahara haujapungua hata senti. Fedha itaonekana iwapo saa hizo zitauza kitu kingine, au iwapo oda zitaongezeka hadi 40 bila duka kuajiri mtu wa pili.

Makala nyingi kuhusu programu hizi huandikwa katika nchi ambako saa moja ya karani ni ghali. Korogwe na Handeni ni habari nyingine. Hapa mikono haijawa adimu, na anayeunganisha programu kwa lengo la kupunguza mikono peke yake atakuwa amenunua mashine ya kukamua chungwa moja.

Penye fedha ni kwenye makosa.

Katika mfano uleule, tuseme kwa mwezi duka linauza mara tano kitu ambacho stoo hakipo, kwa sababu leja haikupunguzwa asubuhi. Kila mara linapoteza faida ya shilingi 5,000, na shilingi 3,000 za kurudisha fedha na kumbembeleza mteja. Hizo ni shilingi 40,000. Tuseme pia mara moja kwa mwezi linatoa mzigo wa shilingi 45,000 kwa meseji ya malipo ambayo haikuwa ya kweli. Jumla ni shilingi 85,000. Hasara hiyo haimo katika daftari lolote, maana hakuna mwenye duka anayefungua ukurasa wenye kichwa cha habari "tulivyoibiwa". Lakini karibu inatosha kulipia gharama yote ya mwezi, kabla ya kuhesabu saa hata moja ya kijana.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni kiungo gani katika duka kinavuja. Kwa maduka mengi yanayouza kwa simu, kiungo hicho kipo kati ya malipo na stoo.

Meseji si fedha

Mazungumzo ya kawaida huwa hivi. Mteja anaandika: "Bosi, cheni na spoketi za Boxer zipo?" Anajibiwa: "Zipo mkubwa, elfu arobaini na tano pamoja na nauli ya mzigo." Baada ya dakika chache mteja anatuma picha ya meseji ya malipo na kuongeza: "Tayari kaka, gari la saa nane lisiniache." Kijana anatazama picha, anaona jina la duka, kiasi na namba ya muamala, kisha anakimbia stendi.

Picha hiyo inaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye simu. Hata meseji iliyoingia kwenye simu ya duka yenyewe inaweza kuwa imeandikwa na tapeli kwa mpangilio unaofanana na ule wa kampuni ya simu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupeleka taarifa za namba zinazotumika kwa utapeli, na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unajulikana hata kwa watoto wa shule.

Hatari inaongezeka duka linapounganishwa vibaya. Zipo programu za simu zinazosoma meseji zote zinazoingia na kuzipeleka kwenye jedwali. Fundi wa mtaani huzipenda kwa kuwa hazina gharama: meseji yenye neno "umepokea" ikiingia, jedwali linaandika "imelipwa", mteja anatumiwa risiti, karatasi ya mzigo inachapwa. Tarishi amelipeleka faili. Tapeli aliyekuwa akihitaji kumdanganya kijana mwenye macho na mashaka sasa anahitaji kuidanganya programu inayotafuta neno moja. Atafanya hivyo usiku wa manane, mara kumi kwa mfululizo.

Njia salama ni kupokea taarifa ya malipo kutoka kwenye mfumo wa mtoa huduma, bila kupitia meseji. Vodacom ina mlango maalumu wa programu kwa ajili ya M-Pesa, na kampuni za kupokea malipo kama Selcom huunganisha mitandao kadhaa pamoja na kadi za benki kwa mkataba mmoja. Katika utaratibu huu oda ikiingia, ombi la malipo hupelekwa kwenye simu ya mteja likiwa na kiasi kamili, naye huweka namba yake ya siri. Malipo yakikamilika, mtoa huduma huiarifu programu ya duka moja kwa moja, akitaja namba ya oda. Mteja hana picha ya kutuma na kijana hana picha ya kuamini.

Hata hapo yapo mambo mawili ya kuangaliwa, na fundi asiyeyajua asipewe kazi.

La kwanza ni taarifa inayokuja mara mbili. Mtandao ukisuasua, mfumo wa malipo unaweza kurudia kutuma taarifa ileile ukidhani haikufika. Programu ya duka isipokagua namba ya muamala, cheni mbili zitapunguzwa stoo na mizigo miwili itaandaliwa kwa malipo ya mmoja. Dawa yake ni sharti fupi: namba ya muamala ikiwa imekwisha kuandikwa kwenye jedwali, usifanye kitu.

La pili ni taarifa isiyokuja kabisa. Mteja amekatwa fedha, dukani kuko kimya. Mfumo uwe na namna ya kuuliza hali ya muamala kwa mtoa huduma, na kila jioni orodha ya oda ilinganishwe na taarifa ya akaunti ya malipo, mstari kwa mstari. Ulinganisho huo usiachiwe programu miezi ya mwanzo. Uchukue dakika ishirini, na aufanye mwenye duka mwenyewe.

Stoo na kiwango cha kuagiza

Malipo yakishakuwa ya kuaminika, kupunguza stoo kunakuwa rahisi. Malipo yaliyothibitishwa yanapunguza bidhaa kwenye jedwali papo hapo, na mteja wa pili anayeulizia pistoni ya mwisho anaambiwa imekwisha kabla hajalipa.

Faida nyingine ni katika mtaji. Tuseme duka linauza pistoni mbili kwa siku, na mzigo kutoka kwa muuzaji wa jumla Tanga au Kariakoo huchukua siku tatu kufika. Mahitaji ya siku hizo ni pistoni sita. Ukiongeza mbili za tahadhari, kiwango cha kuagiza ni nane. Jedwali likifika nane, tarishi anamtumia mwenye duka ujumbe. Mwenye mtaji mdogo haitaji tena kujaza rafu kwa hofu, na fedha iliyokuwa imelala katika pistoni thelathini inaweza kwenda kwenye tairi zinazouzika. Hata hivyo ujumbe huo ubaki kuwa taarifa tu. Kumruhusu tarishi anunue mzigo mwenyewe, kwa bei ambazo Kariakoo hubadilika kati ya asubuhi na jioni, ni kumkabidhi ufunguo wa sefu.

Kwa muuza asali wa Chanika, mjini Handeni, mambo ni tofauti. Asali hufika kwa ndoo kutoka kwa warina mbalimbali, hupimwa, huchujwa na kujazwa katika chupa za ukubwa tofauti. Ndoo mbili za ujazo mmoja hazitoi idadi sawa ya chupa. Stoo yake inabadilika kwa mikono kabla ya oda yoyote kuingia, na programu haiwezi kujua kilichojazwa usiku kama mtu hajakiandika. Akipata oda nne kwa siku, anatumia dakika 48 kunakili kila kitu. Huyo hana sababu ya kulipa ada ya mwezi. Fomu ya Google iliyofungwa na Jedwali la Google, ambavyo havina malipo, itamtosha kukusanya jina, mahali, ukubwa wa chupa na idadi, na malipo ayathibitishe kwa kutazama akaunti yake mwenyewe kila mara.

Kwa kweli hata duka la spea lingefanya vyema kuanza hapo, na kukaa hapo kwa miezi miwili kabla ya kusaini mkataba wowote.

Ujumbe, risiti na majina ya watu

Wafanyabiashara wengi hudhani WhatsApp ndiyo ya kwanza kuunganishwa. Ifuate baadaye. Muunganisho rasmi hupitia huduma maalumu ya kampuni ya Meta kwa ajili ya biashara, yenye masharti yake. Duka linaweza kumjibu mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Muda huo ukipita, linaruhusiwa kutuma ujumbe wa muundo uliokubaliwa mapema tu, na baadhi ya ujumbe hulipiwa. Wapo mafundi wanaouza njia za mkato zisizo rasmi. Namba ya duka inaweza kufungiwa kwa ajili hiyo, na namba iliyofungiwa hupotea pamoja na wateja wa miaka mitano.

Kuhusu risiti, ujumbe wa "asante, tumepokea" si risiti ya kodi. Mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010, na Mamlaka ya Mapato pia ina utaratibu wa risiti zinazotolewa kwa programu bila mashine. Anayetakiwa kutoa risiti hizo aulize mapema kama programu yake ya mauzo inaweza kuunganishwa na utaratibu huo. Vinginevyo atabaki anaandika kila mauzo mara ya pili, na sehemu kubwa ya muda alioununua itarudi ilikotoka.

Jedwali la oda nalo, likishakusanya majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi, linaingia katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jedwali lililoachwa wazi kwa kila mwenye kiungo ni daftari la wateja lililosahauliwa stendi.

Tatizo linalowakuta wengi ni dogo kuliko hayo yote. Fundi hufungua akaunti zote kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa mwenye duka hana au ameisahau. Ufunguo wa siri wa mfumo wa malipo unabaki kwenye kompyuta yake. Siku fundi akihamia Dar es Salaam, au wakikosana kwa shilingi 50,000, duka linakuwa na tarishi anayepokea amri kwa mtu mwingine. Akaunti zifunguliwe kwa jina la biashara, na namba za siri zibadilishwe siku fundi anapokabidhi kazi.

Majaribio yafanywe wakati biashara imelala, kamwe si wiki ya sikukuu wala msimu wa mavuno ambapo fedha imejaa mikononi mwa wakulima. Kwa mwezi mzima daftari na jedwali viende pamoja. Mwenye duka ajiwekee oda za uongo: moja ya kiasi pungufu, moja isiyolipwa, moja iliyolipwa mara mbili, na moja iliyotumwa umeme ukiwa umekatika Korogwe na simu ya kijana haina chaji. Oda iliyolipwa pungufu ikitoka na karatasi ya mzigo, basi daftari liendelee mwezi wa pili.